Kazi ya Mikono Iwe Somo: Ngoro za Umatengo na Shamba la Shule

Shule nyingi za msingi za vijijini zina mashamba, lakini si kila shule yenye shamba hufundisha kwa shamba hilo. Mahali pengine watoto hulima tu. Hutoka darasani wakiwa na majembe, wakarudi wakiwa na vumbi, na hapana swali lililoulizwa wala jambo lililoandikwa daftarini. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo aipambanue kazi iliyo somo na kazi isiyo somo. Tumechagua mfano kutoka Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, kwa sababu huko wananchi wenyewe wana ufundi wa kulima unaostahili kuingizwa darasani.

Historia kwa ufupi

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Shabaha yake haikuwa kuwapatia walimu vibarua. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali ambapo wanafunzi wangepanga, wangetenda, wangepima matokeo ya kazi yao na kushiriki kuamua juu ya matumizi ya mapato. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kijiji cha Kwamsisi wilayani Handeni, Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilishiriki katika jaribio la kuyaunganisha masomo ya shule na shughuli za kijiji. Hata hivyo, katika shule nyingi nchini shamba liligeuka kuwa adhabu kwa mtoto aliyechelewa, na mavuno yakawa siri ya wachache. Watoto waliofunzwa hivyo walijifunza jambo moja tu: kwamba jembe ni fedheha. Wazazi nao wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini wampeleke mtoto shuleni akafanye kazi ambayo angeifanya nyumbani.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Tangu Januari 2024, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, elimu ya sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mtoto wa kijijini atakayeingia mkondo wa amali atatakiwa kupima, kuchora, kutumia zana na kueleza sababu ya kila atendalo. Hawezi kuyaanza hayo yote akiwa sekondari ikiwa shule ya msingi ilimfundisha kwamba kazi ya mikono haina akili ndani yake. Msingi huo umo mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi.

Ngoro ni nini?

Milima ya Umatengo ni mikali, na mvua yake, inyeshayo kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, ni nyingi. Mahali kama hapo shamba tupu huteremshwa na maji. Hata hivyo Wamatengo wamelima miteremko hiyo kwa vizazi vingi kwa kutumia ngoro, ambazo wao wenyewe huziita ngolo. Mlima uliolimwa hivyo, ukiutazama kutoka ng'ambo ya bonde, hufanana na sega la nyuki.

Kazi huanza mvua zikiwa bado zinanyesha, yapata mwezi Machi. Nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mingine ikikingama, hata mteremko wote ukagawanyika miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi. Hivyo katikati hubaki shimo, na kandokando yake matuta manne yenye nyasi ndani. Maharage hupandwa juu ya matuta. Yakisha kuvunwa, matuta hayo hayo hupandwa mahindi mvua mpya zinapoanza. Magugu ya palizi hutupwa mashimoni, nayo huoza humo na kuwa mbolea.

Ufundi huu una sababu zake. Shimo huyazuia maji yasipate mbio, nayo hunywea ardhini polepole. Udongo ulioponyoka kwenye tuta hutua shimoni badala ya kwenda mtoni. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuurutubisha udongo. Mwaka 1938 A.H. Pike aliandika habari za hifadhi hii ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao kutoka Japani, walifika Mbinga kuichunguza.

Yafaa mwanachuo alinganishe na yaliyotokea Uluguru. Huko serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi kuchonga matuta ya ngazi milimani, nao mwaka 1955 wakayakataa kwa ghasia. Shabaha katika pande zote mbili ilikuwa moja, yaani kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Lakini ufundi uliokubaliwa na wakulima wenyewe umeishi, na ule ulioletwa kwa amri ulizusha fujo. Mwalimu anayetoa amri shambani bila kueleza sababu asishangae wanafunzi wake wakiacha kulima vizuri mara tu anapogeuza kisogo.

Mpango wa masomo

Mpango huu unafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Una masomo manne, na masomo hayo yafuatane na majira.

Somo la kwanza: jaribio darasani. Vifaa ni makasha mawili ya mbao yenye ukubwa sawa, udongo, kopo lililotobolewa vitundu chini, na chupa mbili zinazoonyesha ndani. Jaza udongo katika makasha yote mawili na kuyainamisha sawasawa. Katika kasha la kwanza sawazisha udongo. Katika la pili wanafunzi wafinyange ngoro ndogo kwa vidole. Kabla ya kumimina maji, kila mwanafunzi aandike anachotazamia kuona. Kisha mimina lita 2 za maji juu ya kila kasha kwa kopo lile, na kuyakinga maji yatokayo chini. Acha chupa zitulie hadi kesho yake, halafu wanafunzi wapime kwa rula kimo cha maji na cha tope. Mwalimu alijaribu kwanza peke yake, maana kasha lililoinamishwa mno huharibu jaribio zima.

Somo la pili: kupima mteremko. Vifaa ni fimbo iliyonyooka ya mita 2, pimamaji, na futi kamba. Ncha moja ya fimbo huwekwa ardhini upande wa juu, na fimbo hushikwa ikiwa sawa kabisa. Wanafunzi hupima urefu kutoka ncha ya pili kushuka hadi ardhini. Ukiwa sentimeta 80, mteremko ni asilimia 40. Hapa asilimia, ambayo watoto wengi huikariri bila kuielewa, inapata mahali pa kusimama.

Somo la tatu: kuchimba. Mwalimu amwalike mzee wa kijiji, mwanamume au mwanamke, aliye hodari wa kazi hii. Mwalimu huhamishwa, na huenda mwanachuo aliyelelewa Mwanza au Mtwara akapangiwa Litembo. Si aibu kwake kusimama pamoja na wanafunzi na kujifunza. Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakashauriana, na vijana wakapata mafunzo kwa wazee. Desturi hiyo imefifia, na shule ikimwalika mzee shambani huziba sehemu ya pengo hilo. Lakini mgeni huyo asiachiwe somo lote. Kazi ya mwalimu ni kuuliza mbele ya watoto: kwa nini nyasi zinyauke kwanza? Tuta linalokingama mteremko linafanya nini ambacho lile linaloshuka halifanyi? Mwaka ujao shimo jipya litachimbwa wapi?

Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake huchimba na kupanda. Shuleni wavulana na wasichana wote wafanye hatua zote. Shabaha si kuwakosoa wazee. Anayejua nusu ya kazi hawezi kueleza kazi nzima, na mtihani wa ufundi hauulizi mtu ni mvulana au msichana.

Tahadhari ni hizi. Wachimbaji waachane hatua tatu. Mtu asichimbe moja kwa moja chini ya mwenzake mlimani. Kazi isipite uwezo wa mwili wa mtoto, na majembe yahesabiwe kabla na baada ya somo.

Somo la nne: hesabu. Tuseme kila mraba ni mita 2 kwa mita 2. Kipande cha mita 20 kwa mita 20 kitakuwa na ngoro 100. Mvua ya milimita 30 ikinyesha, kila mraba hupokea lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Kipande kizima hupokea ndoo 600. Wanafunzi wakisha kukokotoa hayo, waulizwe: kama hapana mashimo, ndoo 600 zitakwenda wapi, nazo zitachukua nini njiani? Kutoka milima hii maji mengine huteremka kuelekea Ziwa Nyasa, na mengine humwagikia mto Ruvuma, ambao chanzo chake kimo katika milima ya Matogoro, karibu na Songea. Hivyo jiografia nayo imeingia bila kubisha hodi.

Mapato

Maharage yakivunwa, yapimwe mbele ya wanafunzi, na uzito uandikwe ubaoni na katika daftari la shamba. Wanafunzi wenyewe waandike mbegu zilizotumika, saa za kazi, mavuno, na matumizi yaliyokubaliwa, yakiwa ni chakula cha mchana au fedha za vifaa vya shule. Mwalimu asipuuze sehemu hii akidhani ni ya utawala tu. Mtoto aliyetoa jasho na hakuona hesabu amefundishwa kudhulumiwa, hata kama somo la udongo lilikwenda vizuri. Tena daftari hilo ndilo jibu la mzazi anayeuliza mwanawe alifanya nini shambani.

Tathmini

Mwalimu ajipime kwa maswali manne kila anapotoka shambani. Je, wanafunzi walikuwa na swali kabla ya kushika jembe? Je, walipima kitu? Je, waliandika walichokiona? Je, waliporudi darasani walikitumia? Jibu likiwa hapana kwa yote manne, basi siku hiyo watoto walifanya kibarua, hata kama ratiba iliandikwa Stadi za Kazi.

Ngoro haziwezi kuhamishwa kama zilivyo kwenda kila mahali. Mwanachuo atakayefundisha pwani ya ziwa atakuta mitumbwi na nyavu, na aliye Dodoma atakuta tatizo la uhaba wa mvua. Asichukue mashimo ya Litembo, bali achukue utaratibu: kuchunguza ufundi uliopo, kutafuta sababu zake, kuujaribu, kuupima, na kuutolea hesabu.

Zoezi

Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo achague kazi moja ya mikono inayofanywa na wananchi jirani na shule aliyopangiwa. Aeleze hatua zake kwa kuzungumza na angalau wajuzi wawili, mwanamume na mwanamke. Kisha aandike andalio la somo lenye swali moja, kipimo kimoja na hesabu moja itokanayo na kazi hiyo. Andalio lijadiliwe katika kikundi, na mwenzake mmoja alitekeleze akifuata maandishi tu, ili ionekane kama linaeleweka.