Likizo ya Aprili: Vuka Mto kwa Tahadhari

Shule zikifungwa mwezi Aprili, wazazi wengi wa Tana River huwapeleka watoto kwa nyanya zao Ozi, Kipini au Hola. Ndio msimu wa masika, na njia nyingi hukatwa na maji.

Mkazi wa Garsen asitazame mawingu ya Garsen pekee. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya Masinga na Kiambere yakifurika, mto huku chini hupanda siku kadhaa baadaye, hata kama jua linawaka.

Aprili 28, 2024, mafuriko yakiwa yamekata barabara ya Garissa–Madogo, boti ya abiria ilizama Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji.

Mtumbwi ukishuka hadi maji yakaribia ukingo, subiri mwingine, hata kama umeshalipa nauli. Mtoto mfunge jaketi la kujiokoa, kisha vuta jaketi juu kwenye mabega: likifika masikioni, ni kubwa kwake. Jerikeni tupu, ambayo wengi huitegemea, humponyoka mtu mkononi.

Kwa gari, maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 huelea gari dogo. Sentimita 60 husomba magari mengi. Dereva aking'ang'ania kupita, abiria ashuke. Na kivukoni jioni, watoto wasioge wala kunawa miguu ukingoni, mamba wapo.

Kukitokea dharura, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.