Ndoa Mbele ya Dini na Ndoa Mbele ya Sheria

Watu wengi hudhani ya kuwa ndoa ikiisha kufungwa na kiongozi wa dini mbele ya mashahidi, serikali nayo imekwisha kuikubali. Sivyo katika kila nchi. Katika somo hili twaeleza habari za Uingereza na Uskoti, nchi mbili zenye mfalme mmoja lakini sheria mbalimbali za ndoa.

Huko Uingereza sheria ya mwaka 1753 iliamuru ya kuwa ndoa zifungwe katika kanisa la Kianglikana. Raia waliosamehewa ni Wayahudi na Wakristo wa Chama cha Marafiki. Sheria ya mwaka 1836 ilifungua mlango: madhehebu mengine yaliruhusiwa kufungisha ndoa katika nyumba za ibada zilizoandikishwa, na asiyetaka dini aliweza kwenda kwa msajili. Lakini kwa dini nyingi sheria hiyo ilitazama kwanza jengo.

Madhara yake ni haya. Mwaka 1998 Mwislamu mmoja alimwoa mwanamke katika mkahawa mjini London. Imamu alifungisha nikahi, na wageni wengi walishuhudia. Wakaishi miaka mingi, wakapata watoto wanne. Mwaka 2016 mke aliomba talaka mahakamani. Mume akajibu ya kuwa hapakuwa na ndoa ya kisheria. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua ya kuwa sherehe ya namna ile si ndoa mbele ya sheria, wala haimpi mke haki ya kuomba fungu la mali kama mke aliyeachwa.

Uskoti hutazama mtu afungishaye ndoa kuliko mahali. Maarusi hupeleka habari kwa msajili kwanza, nao hupewa hati. Baada ya sherehe hati hutiwa sahihi na maarusi, mashahidi wawili na mfungishaji, kisha hurudishwa kwa msajili katika siku 3. Tangu mwaka 2005 ruhusa hii wamepewa hata Wahumanisti, yaani watu wasioshika dini bali wafuatao maadili ya utu; na sheria ya mwaka 2014 ikataja waziwazi makundi ya dini na ya itikadi. Lakini Uingereza, hata mwaka 2020, Wahumanisti walipaswa kwenda pia kwa msajili.

Kwetu, sheria ya Tanzania ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya mwaka 2014 zakubali ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za serikali. Hata hivyo, cheti ni ushahidi ulio rahisi kuliko kumbukumbu za wazee, ambao hufa au husahau.

Basi, enyi wazee, walimu na viongozi wa dini, waulizeni maarusi kabla ya karamu: ni nani atakayeiandikisha ndoa hii, na lini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na haki ya mjane na yatima ni zaidi ya mali.