SOMO LA MWEZI HUU: KIROBOTO AFE KWANZA

Msomaji, ukiona panya wanajifia ovyo nyumbani bila mtego wala sumu, usifurahi. Huenda ni tauni, na kiroboto aliyemwacha panya anatafuta damu nyingine. Hebu tutazame jinsi wenzetu wa Marekani wanavyopigana na kiroboto huyo.

Katika mbuga za huko yuko mnyama wa jamii ya kindi, aishiye mashimoni kwa makundi makubwa. Huitwa mbwa wa mbugani, kwa kuwa hulia kama abwekaye. Tauni ilifika San Francisco mwaka 1900, kisha ikaenea bara. Ikiingia katika kundi la wanyama hawa, huweza kuua zaidi ya tisa katika kila kumi. Hapo kicheche mwenye miguu myeusi hufa njaa, maana chakula chake karibu chote ni wao. Mwaka 1987 vicheche hao walibaki 18 tu, wote wakafugwa ili wazae na watoto wao warudishwe mbugani.

Je, kiroboto huambukizaje? Anyonyapo damu yenye tauni, vijidudu huongezeka na kuziba koo lake. Damu haishuki tumboni. Kwa njaa huuma tena na tena, na kila aumapo huacha vijidudu katika jeraha.

Tauni ilipoingia Conata Basin, Dakota ya Kusini, mwaka 2008, wafanyakazi walipita shimo kwa shimo wakipuliza unga wa deltamethrin. Mnyama apitapo, unga hushika manyoya na viroboto hufa. Kwa njia hiyo sehemu ya makundi iliokolewa. Lakini dawa moja ikitumiwa miaka mingi, viroboto huizoea. Kwa hiyo imejaribiwa pia nafaka yenye fipronil: mnyama huila, na kiroboto anyonyaye damu yake hufa.

Sisi hatumfugi panya, lakini adui yetu ni yule yule. Basi, panya wakijifia:

1. Usiguse mzoga kwa mikono mitupu.
2. Mwarifu afisa wa afya upesi.
3. Viroboto wauawe kwanza kwa dawa atakayoagiza, ndipo utege panya. Ukianza na panya, viroboto watahamia kwako.
4. Mwenye homa na uvimbe wa mtoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni hupona ikitibiwa mapema.

Maswali: Kwa nini kiroboto mwenye tauni huuma mara nyingi? Kwa nini panya hatangulii kuuawa? Wasomee walio nyumbani, kisha uwaulize.