SOMO LETU: Mkono Ukitangulia Akili

Soma: Mwanzo 4:1-8, Mithali 16:32

Kijana akipigana shuleni twasema upesi, "Ana roho mbaya." Mara nyingi ni pupa. Sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asitende kabla ya kufikiri iko nyuma ya paji la uso, nayo hukomaa baada ya miaka 20. Tena aliyeona vita hushtuka haraka: akisukumwa kwenye foleni ya uji, mwili wake hudhani ni hatari.

Huko Chicago, Marekani, mwaka 2009 wavulana wa shule walianza kufundishwa kutulia. Mmoja hufumbata mpira. Mwenzake huambiwa aupate kwa sekunde 30. Karibu wote hung'ang'ania kwa nguvu. Kisha huulizwa: "Mbona hukumwomba?" Mwaka huo wa mafunzo, walikamatwa kwa makosa ya ukatili karibu nusu tu ya wenzao wasiofundishwa.

Kaini naye alionywa kabla ya kumwua ndugu yake. Nafasi ya kutulia alikuwa nayo.

Wazazi, tukimchapa mtoto kwa hasira tunamfundisha pupa ile ile. Sisi wachungaji pia tumekosea hapa. Tungoje atulie, kisha tumwulize: Ulidhani mwenzako anataka nini? Ungefanya nini kingine? Halafu aende akaombe msamaha, maana kosa ni kosa.

Swali la nyumbani: Juma hili, nani kwetu alijizuia?