Vyumba vya Protoni

Mama yangu alipotibiwa saratani ya titi kwa mionzi ya eksirei, nilijiuliza: je, moyo ulio nyuma yake utasalimika? Fizikia imenifunza kwamba eksirei hupenya hata nyuma ya uvimbe, lakini protoni husimama ndani ya mwili kwa kadiri ya nguvu iliyopewa.

Katika hospitali ya Loma Linda, Marekani, kazi hiyo ilianza mwaka 1990. Mtambo wa duara huzikimbiza protoni, na sumaku huziongoza mpaka vyumba vya tiba vyenye kuta nene za zege. Humo gurudumu la chuma, tani 90 hivi, humzunguka mgonjwa aliyelala.

Uzito wote huo ni kwa ajili ya kutogusa palipo pazima! Mama amepona, nami nimekwisha chagua somo langu.