Usiogope Chuo Kidogo, Ogopa Ratiba Yake

Mdogo wangu wa Elerai, barua yako nimeisoma. Una shahada ya uzamili ya fizikia, chuo kidogo hapo Arusha kimekuita ukafundishe, na wenzako wanakucheka kwamba unakwenda kuzeekea ubaoni. Wewe ndoto yako ni uprofesa, na unaniuliza kama njia hiyo itakufikisha.

Hebu nikukumbushe habari za Denis Osborne. Miaka ya 1960 alikuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, chuo kikuu cha huko kikiwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Siku moja akaalikwa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, Iringa. Wakati wa maswali akasimama kijana Erasto Mpemba: ukiweka kwenye friji maji ya ujazo sawa, haya ya nyuzi 35, yale ya nyuzi 100, yanayotangulia kuganda ni yale ya moto. Kwa nini? Alikuwa ameliona jambo hilo tangu 1963, akisoma Magamba kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inagombaniwa, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Baadaye alipouliza darasani huko Mkwawa, mwalimu akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Osborne naye hakuamini. Lakini aliahidi kujaribu, na hapo ndipo ninapompendea. Aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara apime. Maji ya moto yakatangulia. Fundi wa watu akasema ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Baadaye wakapima kwa utaratibu: mililita 70 za maji kwenye bika za mililita 100, friji, kipimajoto, saa. Sioni kifaa hapo ambacho chuo chako kitashindwa kukipata. Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la Mpemba likitangulia. Kijana mwenyewe alikuwa anasomea wanyamapori Mweka, hapo jirani yenu Kilimanjaro. Na ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima wakasema hawajaona ushahidi wa kuridhisha, mwaka 2020 wengine wa Canada wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo mno ndani ya maji.

Kwa hiyo usiniambie utafiti hauwezekani kwa sababu maabara ni ndogo. Weka daftari la maswali ya wanafunzi, hasa yale yanayochekesha darasa. Swali likikushinda kujibu, lipimeni pamoja. Mkipata kitu cha kuchapisha, jina la mwanafunzi liwemo. Kumnyang'anya mtoto wa watu swali lake ni wizi, hata kama anayefanya hivyo anaitwa daktari.

Uprofesa wenyewe hauji bila shahada ya uzamivu, na hapo Arusha hujakaa vibaya. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, ina watu wa nishati na vifaa. Nenda kaonane nao mapema, ukiwa na wazo lako mkononi, si cheti tu. Uliza pia kama hicho chuo kiko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, maana ngazi za kupanda vyeo hazifanani.

Wenzako wako sahihi kwa jambo moja: kufundisha kunaweza kukumeza. Chuo chenye walimu wachache kitakupa fizikia, kitakuongezea hisabati, mitihani ya kusahihisha, ulezi wa bweni, na kamati ya michezo juu yake. Mwaka unakwisha hujapima chochote. Kabla hujasaini, omba ratiba ya muhula mzima, kisha dai siku moja kwa wiki isiyo na kipindi, iandikwe ndani ya mkataba. Wakikuambia hilo mtaongea ukishaanza kazi, mdogo wangu, usisaini.