Mas'ala ya Bakshishi



Mas'ala: Msafiri ashuka gari la moshi mjini Mpanda. Mhudumu wa nyumba ya wageni ampokea mizigo, amchemshia maji ya kuoga. Asubuhi msafiri ampa shilingi 5,000. Je, fedha hiyo ni zawadi au ni ujira? Na kodi ya serikali yaingiaje humo?

Jawabu: Hutazamwa kwanza hiari ya mtoaji. Kilichotolewa bila sharti ni hiba, na hiba ni mali ya aliyeipokea. Basi mwenye nyumba hana ruhusa kuitwaa, wala kupunguza mshahara kwa kusema, "Wewe wageni wakulisha." Mshahara ni deni lake yeye, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha mtenda kazi apewe ujira kabla jasho lake halijakauka, na mgeni hakuingia katika deni hilo.

Ama fungu la huduma liandikwalo katika hesabu ya chakula, kama ilivyo desturi ya hoteli nyingi za watalii, hilo si bakshishi. Ni bei, kwani mlaji hana hiari. Mwajiri akiwagawia watumishi wake, huwa ni sehemu ya malipo ya kazi.

Katika Tanzania Bara, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi. Kizidicho, hata kufika 520,000, hukatwa asilimia 8, na mwajiri ndiye akataye. Lakini shilingi 5,000 za mkononi hazipiti katika daftari la mwajiri. Hapo hubaki amana ya mtu: akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, haimpasi kusema uongo.

Nchi ya Marekani, kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025, imeruhusu bakshishi hata dola 25,000 kwa mwaka zitolewe katika hesabu ya kodi ya mapato, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, ila kwa sharti iwe imetolewa kwa hiari. Ajabu ni kuwa sharti hilo ndilo la mafakihi katika hiba.

Wala mtu asiite rushwa bakshishi. Ibn al-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka, alirudi akasema: hizi zenu, na hizi nimezawadiwa. Mtume akamkemea: angekaa nyumbani kwa babake na mamake, angeletewa? Vivyo hivyo mhudumu amcheleweshaye mgeni maskini, akingoja mkono wake ufunguke, kile apewacho kwa kuchoshwa si hiba tena.